Washa ya Bati Laini

Kwenye kiwanda cha kamba walimwita Milimita, kwa sababu hakununua kitu bila kukipima. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mnunuzi wa vipuri, mwanamke mkavu wa maneno, na wauza vyuma wote walijua huyu hauziwi mbuzi kwenye gunia. Alitoa kipimo mkobani, akapima mbele ya mwenye duka, na kama kipuri hakikuwa chenyewe alikirudisha bila ugomvi.

Mashine kubwa ya kusokota ilisimama siku ya Jumatatu. Beringi ya shafti, ule mhimili unaozunguka, ilikuwa nzima. Vilivyokufa ni vitu viwili vidogo vinavyoizuia isitembee: nati ya duara yenye mapengo ubavuni, na washa yake, pete bapa ya chuma yenye meno. Jino moja la washa hukunjwa likaingia kwenye pengo la nati, na hapo nati haifunguki tena. Vyote viwili vilienea kiganjani.

Milimita alizunguka navyo siku tatu. Duka hili nati ipo lakini nyuzi zake za kufungia nyembamba, duka lile washa ipo lakini ndogo. Muuzaji mmoja aliigeuzageuza ile nati kuukuu, akamwambia nyuzi za namna hiyo ziliacha kutengenezwa zamani, bora anunue mashine mpya, akacheka peke yake. Alhamisi, miguu ikiwaka moto, na meneja ameshapiga simu mara tatu kwa sababu mzigo wa wateja ulitakiwa utoke wiki hiyo, alikata shauri akaenda kwa fundi wa kukereza vyuma.

Nati ilitoka safi. Washa ndiyo ilikuwa mtihani. Fundi hakuwa na chuma cha kufaa, akaikata kwenye bati lililoegemezwa ukutani. Milimita alikamata jino moja kwa koleo, akalikunja. Likalala kilaini kama ubavu wa boksi la viatu. Alijua pale pale. Akatazama saa, akalinyoosha, akatia vyote mkobani.

Fundi wa mashine ile alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu wa utani ambaye Milimita mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi. Leo hakutania. Aliipindua washa kwenye mwanga.

"Shemeji, hii itashika?"

"Itashika."

Ilishika siku tisa. Siku ya kumi jino lilikatika, nati ikajilegeza kidogo kidogo, na shafti ikachomoka shemeji akiwa ameinama kutia grisi. Hospitalini walimkata mkono wa kulia juu ya kiwiko.

Kikao cha kiwanda kiliandika kwamba fundi hakukunja jino sawasawa. Shemeji akakubali, akatia dole gumba la kushoto, akaachishwa kazi. Milimita alikuwepo. Walipomuuliza kuhusu vipuri, alijibu kwamba alivipima vyote na vipimo vilikuwa sawa. Neno hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkosesha usingizi.

Alikuwa akienda kumjulia hali kila Jumapili. Jumapili moja alimkuta mezani na kipande cha karatasi ngumu alichokikata mfano wa washa, anakikunja kwa vidole vya kushoto huku amekibana kwa kidevu, anamweleza mkewe kwamba huenda siku ile alilifikisha jino nusu tu. Mkewe akasema hivyo ndivyo anavyoshinda, kutwa nzima. Milimita hakumaliza chai.

Kesho yake alimweleza meneja kila kitu. Meneja alifunga mlango, akasema faili limeshafungwa na hana nia ya kulifungua. Basi Milimita akaenda kwa shemeji, akakaa mbele yake, akasema: bati lilikuwa laini, nilijua, nikakuletea.

Shemeji alikisukuma kando kile kipande cha karatasi. Mkewe akachungulia kutoka jikoni.

"Miezi miwili nautafuta ulipo ubaya wangu," shemeji akasema. "Na wewe unakuja hapa, unakunywa chai."

Alimwomba aende nyumbani. Milimita aliacha kazi mwezi ule. Aliandika barua mbili kutaka kikao kirudiwe, hazikujibiwa. Mumewe hakumfukuza wala hakumtukana, ila maneno yao yalibaki ya chumvi na funguo. Mama mkwe aliacha kumwita mwanangu.

Siku moja alikutana na mke wa shemeji njiani, akamuuliza kama mgonjwa amepata nafuu ya moyo, sasa kwa kuwa anajua kosa halikuwa lake. Yule mwanamke alihamisha kikapu mkono wa pili.

"Alikuwa anajifunza kuandika kwa kushoto," akasema. "Alitaka awaandikie kiwandani, awaombe wamrudishe, aahidi kuwa mwangalifu. Tangu ulipokuja ameacha, anasema hana tena la kuahidi. Anakaa tu."

Wakaagana. Milimita alibaki ukingoni mwa barabara, hajui ashike njia ipi.