Nyumba Iliyogeuzwa Kuangalia Mlima

Inakaribia saa moja asubuhi. Ukungu wa msitu wa Magamba bado umelala juu ya uwanja wa mpira, na Mwalimu Esteria Shechambo anapiga kigingi cha kwanza. Anakipiga kwa jiwe, maana nyundo ya shule iliazimwa mwaka juzi na haijarudi.

Kigingi kinaingia. Anafunga kamba ya katani, anaivuta kuelekea upande wa mlima, anaifunga tena. Halafu anavuta ya pili kuikatiza ya kwanza. Sketi yake imelowa umande hadi magotini. Nyuma yake wanafunzi wanne wanachomeka vibao vya mbao kila baada ya hatua moja: moja, mbili, tatu, hasi moja, hasi mbili.

“Elisante, hasi tatu yako imelewa. Inyooshe,” anasema bila kugeuka.

“Siyo mimi madam, ni ardhi,” anajibu Elisante, na wenzake wanacheka.

Baada ya dakika ishirini nusu ya uwanja imekuwa karatasi ya grafu. Ndani ya karatasi hii ya nyasi, wanafunzi themanini na saba wa kidato cha pili wanajifunza kuhamisha, kuakisi na kuzungusha maumbo. Jina la shule tunaliacha kwa ombi la mwalimu. Leo saa nne anakuja mthibiti ubora wa shule, na ndiye atakayeamua kama kamba hizi zinaendelea kufungwa au zinapigwa marufuku. Mtihani wa taifa uko mbele wiki saba.

“Wakizizuia, nitarudi kwenye ubao,” anasema Mwalimu Esteria. “Na kwenye ubao hawa nawapoteza. Nimeshawapoteza wengi.”

Ana miaka arobaini na nne. Baba yake alikuwa mpasua mbao, mtu wa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine shimoni. Yeye akapata ualimu, na katika shule hii ya kata amefundisha hesabu miaka kumi na minne. Mwalimu mwenzake wa somo alihama mwaka 2021. Barua ya kuomba mwingine ilijibiwa kwa barua, na barua ile ikajibiwa kwa barua nyingine. Leo anabeba vipindi thelathini na vinne kwa wiki peke yake.

Mikebe ya jiometri ipo tisa, mitatu haina bikari. Kitabu ni kimoja kwa wanafunzi sita. Watoto wengine wanatembea saa moja na nusu kufika, wakiwa na kiazi kimoja tumboni.

Na tusidanganyane kwamba huu ni umaskini wa milima. Milima hii imetoa mbao, chai, kabichi na maji tangu enzi za Mjerumani. Malori yanashuka yamejaa na kupanda matupu. Katika safari zote hizo za kupanda matupu, nani aliwahi kupakia hata katoni moja ya mikebe?

Lakini kilichomtoa Mwalimu Esteria darasani na kumpeleka uwanjani ni mlango.

Ilikuwa Februari mwaka huu. Alichora ubaoni nyumba ndogo kama ile ya kitabuni, yenye paa na mlango, akawaambia waizungushe nusu duara kukizunguka kitovu, yaani pale mihimili miwili inapokatana. Aliposahihisha, wanafunzi sitini na mmoja walikuwa wamefanya kosa lilelile. Nyumba waliipeleka mahali sahihi kabisa, ila waliiacha imesimama juu ya msingi wake, mlango ukiwa chini kama mwanzo. Waliihamisha. Hawakuizungusha.

Alimsimamisha binti mmoja mkimya wa dawati la nyuma, Anitha.

“Mlango wako mbona haujageuka?”

“Nyumba imegeuka madam. Imekwenda upande wa pili.”

“Nimesema nusu duara. Mlango unatakiwa uwe juu.”

“Juu ni mlimani.”

“Ndiyo, uangalie huko.”

“Madam,” Anitha akasema, kwa upole wa mtu anayemhurumia mkubwa wake, “nani anajenga mlango ukaangalia mlima? Masika ikifika, maji yote sebuleni.”

“Labda fundi wa Tanga mjini!” akadakia Elisante, na darasa zima likaangua kicheko.

Wanaoishi huku hawahitaji kuelezwa. Nyumba ya Usambara inachimbiwa ubavuni mwa mlima. Mgongo unaelekea juu, mlango unaelekea bondeni. Mtoto anaijua sheria hiyo kabla ya kujua kusoma, kwa sababu ameona nyumba iliyoivunja ikichotwa matope kwa ndoo. Kitabu kiliandikwa na watu wa tambarare, ambako nyumba inaweza kuangalia popote inapotaka.

Jioni ile alifungua boksi anakohifadhia majaribio ya zamani. Mwaka hadi mwaka, nyumba zilizosimama wima, na juu yake alama ya kosa kwa kalamu nyekundu.

“Niliacha kuhesabu nilipofika mia tatu,” anasema. “Sikuwauliza hata mara moja kwa nini. Nilisema hawa ni wazito. Kumbe walikuwa wanaijua nyumba kuliko mimi.”

Wiki iliyofuata alinunua kamba kwa mshahara wake, mita mia moja na sitini, shilingi elfu arobaini na nane.

Sasa ni saa mbili na nusu. Wanafunzi sita wanaingia ndani ya grafu. Watano ni pembe za nyumba, wa sita ni mlango. Wamezungushiwa kamba nyembamba inayochora kuta na paa, na kila mmoja ameshika uzi wake uliofungwa kwenye kigingi cha kitovu. Anitha ndiye mlango. Amesimama kwenye nne, moja, uso ukiangalia bonde.

“Nusu duara, kinyume na saa,” anasema mwalimu. “Uzi usilegee. Anayelegeza anabomoa nyumba ya watu.”

Wanaanza kutembea.

Hapa hata mtu aliyeona mengi anasimama tu na kukodoa macho. Aliye karibu na kitovu anatambaa hatua za kinyonga. Aliye mbali, kwenye pembe ya paa, anakimbia hadi anahema. Kila mmoja ana mwendo wake na duara lake, hakuna anayemsubiri mwenzake, na bado nyumba haikunjiki. Kuta zinabaki na urefu wake. Paa linabaki paa. Nyumba nzima inaelea juu ya nyasi, inainama, inalala ubavu, inapinduka.

Inatua. Anitha sasa anautazama mlima uso kwa uso.

“Mlango, uko wapi?” anauliza mwalimu.

“Hasi nne, hasi moja!”

“Unaona nini?”

“Msitu, madam. Na maji yananijia!”

Uwanja mzima unacheka. Kisha wanainama kwenye madaftari, na bila kuambiwa wanaandika pembe zote: kabla na baada, kabla na baada. Mmoja anainua kichwa akiwa ameduwaa. Namba ni zilezile, ishara tu zimegeuka.

“Hiyo nyumba itajaa maji,” sauti inasema kutoka kwenye mstari wa chaki wa pembeni ya uwanja.

Ni Mzee Nathanaeli, mjumbe wa bodi ya shule, amevaa buti za shambani. Ndiye aliyepeleka malalamiko wilayani. Aliandika kwamba kipindi cha hesabu kimekuwa mchezo, na kwamba kuna watu wanapima ardhi ya kijiji kwa kutumia watoto.

Kabla ya kumcheka, mtu akumbuke. Enzi za mkoloni, miaka ya hamsini, mabwana shamba walipita kwenye miteremko hii na kamba na vigingi, wakiamrisha matuta ya lazima. Akina mama walichimba hadi mikono ikachubuka, na waliogoma waliadhibiwa. Baba yake Mzee Nathanaeli aliwekwa ndani. Kamba na vigingi vikionekana juu ya ardhi huku, watu hawaulizi kama ni vya hesabu.

“Shikamoo babu,” wanafunzi wanamwamkia kwa pamoja.

“Marahaba. Itajaa maji, nasema.”

“Itajaa kweli babu,” anasema Anitha, bado ameshika uzi wake. “Lakini hii haina mvua. Hii inasikiliza namba tu. Tukirudi nyumbani ndiyo tunasikiliza mvua.”

Mzee anaiangalia nyumba iliyopinduka. Anaangalia vigingi.

“Na hivi mnavitoa lini?”

“Saa tano babu. Kuna mpira jioni.”

“Leo?”

“Kila siku. Hata mashimo tunayaziba.”

“Hilo sikuambiwa,” anasema Mzee Nathanaeli. Anavua kofia, anaivaa tena, lakini haondoki.

Saa nne kamili mthibiti ubora anafika kwa bodaboda, viatu vikiwa vimejaa udongo mwekundu. Ni Bi Rukia, mzaliwa wa Tanga mjini. Anazunguka kamba mara moja, halafu anaomba waingie darasani.

“Mwalimu, uwanja nimeuona na umenifurahisha,” anasema. “Lakini mtihani haufanyiki uwanjani. Ninachotaka kujua ni kama zile kamba zinaingia kwenye karatasi. Kama haziingii, ni mchezo mzuri tu, na nitaandika hivyo.”

Anachora ubaoni pembetatu. Pembe moja iko kwenye moja, moja. Ya pili kwenye nne, moja. Ya tatu kwenye moja, tatu. “Izungusheni robo duara, kinyume na saa. Lakini siyo kwenye kitovu. Zungusheni kwenye pembe hii, moja, moja.”

Mwalimu Esteria anaufunika mdomo kwa kiganja. Hilo hawajawahi kulifanya. Kigingi chao hakijawahi kutoka kwenye kitovu.

Elisante anakimbilia mbele kwa ujasiri wake wa kawaida na kuchora haraka. Amezungusha kwenye kitovu, kwa mazoea. Bi Rukia anatikisa kichwa. Elisante anarudi kukaa akiwa ameinamisha shingo, na safari hii hana utani. Mkuu wa shule, aliyeingia pamoja na mgeni, anakohoa. Mzee Nathanaeli, aliyesimama mlangoni, anasogea hatua moja ndani.

“Madam, naomba nisimame,” anasema Anitha.

“Njoo ubaoni.”

“Kwanza hapa.”

Anatoka kwenye dawati, anasimama katikati ya njia. Anabana kisigino cha kulia sakafuni na kunyoosha mkono mbele. Midomo yake inahesabu.

“Kigingi kimehama,” anasema taratibu, kama anajiambia mwenyewe. “Kigingi ni mimi.”

Anageuka robo, mkono ukiwa umenyooka, na wenzake wa pembeni wanainama usiwapige. Kisha anakwenda ubaoni. Pembe ya kwanza anaiacha palepale. Ya pili anaiweka kwenye moja, nne. Ya tatu, hasi moja, moja. Anaunganisha mistari na kurudi nyuma hatua mbili.

Bi Rukia anapima kwa rula. Anapima tena.

“Na ninyi wengine?” Anabadilisha namba, anawapa dakika kumi, anapita dawati kwa dawati mwenyewe. Zinaposahihishwa, sitini na wanne wamepata. Humo yumo Elisante, ambaye alionekana chini ya dawati akizungusha kiatu chake kwa kukibana kisigino.

Bi Rukia anakaa na kufungua fomu.

“Sehemu ya zana za kufundishia ina vitabu, ubao na kompyuta,” anasema. “Kamba haimo.”

“Tutarekebisha, afande,” anasema mkuu wa shule kwa woga, na cheo kimemponyoka kimakosa.

“Mimi siyo afande. Na hapa cha kurekebisha ni fomu.” Anaandika pembeni, kwenye nafasi isiyo na kisanduku, kisha anasoma kwa sauti: “Kamba ya katani, vigingi, na wanafunzi wenyewe. Iendelee.” Anamgeukia mwalimu. “Lakini muwaeleze wananchi kwenye mkutano wa kijiji. Mngewaambia mapema, nisingeupanda mlima huu.”

“Usingeupanda, nisingejua kama wanaweza,” anajibu Mwalimu Esteria.

“Kwenye huo mkutano nitasema mimi,” anasema Mzee Nathanaeli kutoka mlangoni. “Mimi ndiye niliyewatia watu hofu.”

Mchana, uwanja ukiwa umeshaachiwa wacheza mpira, mwalimu anakaa kwenye ngazi ya ofisi na kuvua viatu. Hana sura ya mtu aliyeshinda.

“Hawa nimewawahi,” anasema. “Wale wa kwenye boksi je?”

Anatoa karatasi moja iliyopauka, ya mwaka 2014. Nyumba imesimama wima, mlango bondeni. Chini yake kwa wino mwekundu, mwandiko wake mwenyewe: Soma swali, acha kuota. Mwenye karatasi ni Kristian. Alirudia mwaka, akashindwa tena, akaacha shule. Leo anabeba magunia ya majani mabichi ya chai ya wakulima wadogo, maeneo ya Mponde. Mwezi uliopita mwalimu aliitafuta namba yake na kumpigia.

“Nikamwambia, Kristian, ile nyumba ulikuwa na sababu, na mimi sikukuuliza. Akasema, ‘Madam, miaka yote hii nilijua sina akili.’”

Anaikunja karatasi, lakini hairudishi kwenye boksi.

Desemba, shule ikifungwa, atakwenda Mponde na kamba zake. Kristian anataka kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na amewaambia wenzake. Wameshafika sita, mmoja wao ana watoto watatu. Madaftari wanayo. Muda wanao, kila Jumapili baada ya ibada.

“Kimebaki kitu kimoja tu,” anasema Mwalimu Esteria. “Kule ni mteremko mtupu. Kristian anazunguka tangu juzi, anatutafutia mahali tambarare.”