Jirani Aliyesikia Nduru

Mwone Chepkosgei akiingia sokoni Siongiroi siku ya mnada: birika mkononi, kuni kichwani, hasalimii mtu. Tangu wezi wa ng'ombe wampige mumewe risasi mwaka wa tisini na tano, anauza chai kwa watu ambao huenda mmoja wao ndiye aliyefyatua.

Alfajiri ile alipiga nduru mpaka sauti ikakauka. Na huku kwetu, rafiki yangu, nduru ikilia mwanamume hutoka hata kama hajavaa. Wa mbali walifika. Kiplimo, ambaye boma lake na la Chepkosgei yametenganishwa na ua tu, hakutoka. Baadaye alisema alikuwa amelala fofofo. Chepkosgei alikuwa ameiona taa yake ikizimwa.

Ndipo akaja mnunuzi wa ngozi aliyejiita Arasa. Alikunywa chai mnada baada ya mnada, akiuliza mambo ambayo mtu wa ngozi hana haja nayo, hadi siku moja akamnong'onezea kwamba yeye ni kachero wa serikali. Ng'ombe wa wizi walikuwa wakibadilishwa kwa bunduki, na wakubwa wake walitaka kujua ni nani anayezileta. Chepkosgei akakubali kumimina chai na kutega sikio. Wanaume wakianza kupiga domo humsahau mama wa chai. Hatimaye akawa na majina mawili: Johana, dalali wa ng'ombe, na Phelix, dereva wa lori.

Arasa akauliza, "Mama, hao ndio wote?"

Chepkosgei akasuuza kikombe polepole.

"Kuna Kiplimo."

"Una hakika?"

"Ni jirani yangu. Nani amjue kunishinda?"

Mnada uliofuata, wanaume waliovaa kiraia wakawazoa wote watatu. Kiplimo alipopitishwa mbele ya jiko la chai, Chepkosgei akamwambia, "Jirani, leo umeamka?" Kisha akajimiminia chai, akainywa yote. Alikuwa hajaisikia utamu wake kwa muda mrefu.

Wiki iliyofuata Arasa alirudi. Bunduki zilipatikana kwa Johana, na Phelix alikuwa amekiri. Kwa Kiplimo hawakupata hata risasi.

"Anashikiliwa na neno lako tu, mama," alisema. "Ukilirudisha, leo atalala kwake."

Ng'ambo ya barabara alisimama Chemutai, mke wa Kiplimo, akiwatazama. Chepkosgei akachochea moto.

Wewe je, kama nduru ile ingekuwa yako, ungelirudisha neno lile?