Kimea Nilichokikausha Motoni

Enzi zetu, pombe haikutoka kwenye kreti. Ilitoka jikoni kwa Koko, nyuma ya nyumba yetu ya mbao kule Majengo, na ilichukua zaidi ya wiki kufika midomoni mwa watu. Koko ni bibi yangu, mama yake mama, aliyeshuka kutoka Rutshuru na chungu kimoja kichwani. Ninyi mliokulia juu ya mawe meusi ya Goma mnaikumbuka harufu ile: mtama ulioloweshwa, majani ya migomba, moshi. Tulikuwa tukirudi kutoka shule, ndara zimeliwa na mawe, harufu inatupokea tangu barabarani, na tunajua kuna mtu anaoa.

Mtama ulilala kwenye maji siku nzima, kisha ukatandazwa sakafuni na kufunikwa majani ya migomba kama mtoto mwenye homa. Siku ya tatu Koko alifunua pembe moja na kutuita tuone: kila punje imetoa kijimkia cheupe. Hicho ndicho kimea. Kwingine watu huanika kwenye mikeka. Sisi tulianika juu ya mwamba wa volkano uliokuwa uani, mpana kama kitanda, ambao saa sita mchana tuliuvuka kwa kurukaruka na makelele, nyayo zikiungua.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka alipoposwa mama mdogo. Kati ya wajukuu wote, Koko alininyooshea kidole mimi.

"Kimea ya mama yako mudogo, utaikausha weye. Nataka nione mikono yako."

Wenzangu walisubiri nguo ya Noeli. Mimi nilikuwa nimesubiri maneno hayo.

Siku ya pili ya kuanika, Koko alikwenda matangani Munigi. Kabla ya kutoka alinishika sikio, si kwa kuliumiza. "Ukiona wingu upande wa mulima, ingiza kimea mbiyo. Usikae unafikiri. Ingiza tu."

Nililiona wingu. Ila nililiona nikiwa juu ya chukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tumejipanga watoto wanne kwenye ule ubao, tukiteremka kilima kwa kishindo huku magurudumu ya mbao yakilia kama mbuzi. Nikajiambia, mteremko mmoja tu zaidi. Mvua ya Goma haina subira. Nilipofika nyumbani kimea kilikuwa kimeshikamana kama ugali, kingine kikielea kwenye mashimo ya mwamba.

Sikulia. Nilikusanya punje kwa viganja, nikawasha moto, nikatandika kipande cha bati juu ya mafiga na kuzikausha juu yake, nikizigeuza kwa mwiko kama mtu anayekaanga karanga. Zilinukia vizuri, kama mkate. Jua liliporudi na mwamba kukauka, nikazitandaza tena mahali pake.

"Mvua ilinyesha huku?" Koko aliuliza aliporudi.

"Ilinyesha, Koko. Niliingiza mbiyo."

Akachota konzi moja, akazisikiliza punje zikivunjika kati ya vidole. Angenusa angejua, lakini alikuwa ametoka kulia matangani, pua imeziba. "Umekausha muzuri, mutoto wangu," akasema. Sikujua kwamba kimea kina uhai, kwamba jua hukilaza tu, na moto mkali hukiua.

Siku ya posa wakwe walikuja kutoka Masisi. Chungu kiliwekwa katikati, na mirija ikachomekwa. Mzee wao akainama kwanza kwa heshima, akavuta mpaka mashavu yakabonyea. Akautoa mrija, akauangalia.

"Mama, sisi tulikuja kunywa pombe. Hii uji mutupee na kijiko."

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mjomba alikimbia kununua kreti, posa ikaendelea, na mama mdogo aliolewa. Hata Koko alicheka. Wageni walipoondoka, alikaa kwenye kibao chake, akafungua viganja vyake na kuviangalia kama vya mtu mwingine.

"Ni mikono yangu," alisema. "Imezeeka."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, naosha vikombe. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nikaosha kikombe kilekile mara tatu.

Hakutengeneza pombe tena. Majirani walipokuja kumwomba aliwajibu, "Muende kwa wenye mikono." Chungu cha Rutshuru kikalazwa ubavu nyuma ya jiko, kuku wakataga ndani. Nami nilijiambia nitamwambia nikiwa mkubwa. Nikawa mkubwa. Nilikuwa masomoni Kisangani aliponitangulia, na sentensi yangu ikabaki mdomoni.

Kiangazi hiki nimetengeneza pombe yangu ya kwanza, tangu punje hadi chunguni, kwenye mwamba uleule. Siku mbili nilikaa kando ya kimea bila kuondoka. Divine, binti wa kaka yangu, alinicheka mpaka akashika ukuta.

"Tantine, unachunga mutama! Iko na miguu? Telefone inasema mvua ni siku ya ine."

"Telefone yako haijawahi kulowana," nikamjibu. Nikabaki palepale.

Nilichanganya chachu, na kesho yake, nilipoweka sikio kwenye chungu kama alivyofanya Koko, nilisikia ile sauti ndogo ya kuchemka bila moto. Nikaonja. Uchachu kwanza, kisha utamu unaochelewa. Ilikuwa yake kabisa. Nilipaswa kufurahi. Lakini mimi sikuwa nimejifunza kitu kingine maishani mwangu kuhusu pombe. Nilifuata tu aliyoniambia, nikakaa mbali na moto. Kumbe hata mikono yangu mibovu iliweza. Yake haikuwa na kosa lolote.

Watoto wa siku hizi tunawasema sana. Hawajui kuvuta mrija kwenye chungu kimoja na watu kumi; wao kila mmoja na glasi yake, kila mmoja na simu yake. Lakini wiki hiyohiyo Divine aliunguza blauzi yangu kwa pasi, na kabla moshi haujatoka chumbani alikuwa tayari mbele yangu: "Tantine, ni mie. Nimeiunguza." Kisha akaenda zake, mwepesi, akiimba.

Sisi tulifundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, tukadhani kunyamaza nako ni heshima. Nilimjazia Divine kikombe cha kwanza. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikamwambia yote, tangu chukudu. Yeye ndiye wa kwanza kuyasikia, na si yeye aliyepaswa kuyasikia.