Gamba la Choo Chetu cha Voi

Walisema sitamaliza hata kidato cha nne. Nilirudi Voi na diploma ya uhandisi wa maji, na kwa jasho langu nimejenga nyumba ya vyoo vitatu, vigae hadi darini. Muulize yeyote kwenye barabara ya Mraru. Lakini Jumamosi iliyopita nilipiga magoti mbele ya choo kimoja, nikapaka ukwaju kwenye gamba la kahawia, na ile harufu chachu ikanirudisha, rafiki yangu, kwenye nyumba ya kazi ya baba karibu na reli.

Huko pia tulikuwa na choo cha kuvuta maji. Mama alikisugua kila asubuhi kabla ya kubandika chai. Hata hivyo, pale maji yalipopita, gamba liliota, gumu kama jiwe.

Kisha nyanya, mamake baba, akashuka kutoka Mghange, kule milimani, kutibiwa macho. Macho mabovu, lakini gamba aliliona.

"Mama watoto," akasema mbele yetu sote, "hii ndio choo ya ndani mnajisifia? Kwangu hata nguruwe hailali kwa uchafu hivi."

Baba aliinamia kimanga chake, maharagwe na muhogo uliopondwa. Nyanya akajimiminia chai ya pili kutoka birika lenye gamba jeupe ndani. Hilo hakuna aliyeliona.

Siku ya nyanya kuondoka, mama aliamka akaanza kulikwangua gamba la choo kwa kisu. Jirani yetu, mke wa fundi wa reli kutoka magharibi, akasikia kelele.

"Wee mama! Unataka kutoboa choo? Weka kisu. Kitu kigumu hubembelezwa."

Alileta ukwaju aliokuwa ameuloweka jana yake kwa juisi. Wakafunga maji, wakachota yaliyosalia kwa kopo, wakabandika matambara yaliyolowa ukwaju juu ya gamba. Jua lilipopanda wakayatoa, wakasugua kwa gunzi la mahindi. Gamba likabanduka vipande vipande. Choo kikang'aa kama sahani ya harusi.

Mama alikimbilia mlangoni, mikono ikinuka ukwaju. "Mama, ingia kwanza uone. Safari ni ndefu."

Nyanya alikuwa ameshajitwika kikapu. "Nitajisaidia nikifika kwangu."

Hakulala kwetu tena. Krismasi tulipopanda Mghange, shangazi zangu walimpokonya mama mwiko kwa upole: "Pumzika, dada, tutapika sisi." Miaka yote alikaa kwenye kigoda uani, mikono mitupu, akisikia vicheko vya jikoni. Choo hakukisugua tena kwa ukwaju. Gamba likarudi.

Chuoni ndipo nilipojifunza kwamba maji ya visima vya Voi yana chokaa inayoganda kuwa gamba, na maji ya milimani hayana. Nilikuja nyumbani mbio na daftari langu. Nyanya alikuwa kaburini tayari, na shangazi mkubwa pia. Nikamweleza mama yote, kwa majigambo yangu.

Alilichukua daftari langu. Kisha akauliza, "Kwa hivyo haikuwa mimi?"

Zile nyumba za reli zimebomolewa. Jirani alirudi kwao. Mama tulimzika mwaka uliofuata, na jikoni siku hiyo walipika wanawake vijana ambao hawakujua lolote. Waliomwona mama mchafu wameisha wote. Jibu ninalo, na hakuna wa kumwambia.