Jiki Ndani ya Tangi la Gesi

Kwa miaka kumi na mmoja Mellen alikuwa akiosha matumbo ya ng'ombe kwenye kichinjio kimoja karibu na Ogwedhi. Damu na mavi viliteremka hadi kijito alichochota maji ya kunywa, na bintiye Nyamusi alilazwa mara mbili kwa taifodi.

Kisha tangi likajengwa. Taka zote zikaingia humo, zikaoza, zikatoa gesi ya kuchemshia maji ya kazi. Kijito kikatakata. Mwaka mzima Nyamusi hakuugua, ingawa Mellen bado alimgusa paji la uso kila asubuhi, asiamini.

Ijumaa moja wafanyakazi wakaambiwa afisa wa afya angefika Jumatatu. Mellen hakujua kusafisha nusu nusu, tena siku ya maandalizi ya Sabato. Alimwaga madumu matatu ya jiki, dawa kali ya kuondoa madoa na vijidudu, akasugua mpaka saruji ikang'aa, akayasukuma maji yote mtaroni. Mtaro uliingia tangini.

Afisa aliisifu sakafu. Kufikia Alhamisi moto wa gesi ulikuwa umezimika.

Obare, mtunza tangi, aliinama akanusa mtaro. "Nani ametia jiki humu?"

"Mimi. Nilikuwa nasafisha."

"Mama Nyamusi, humu kuna vijidudu vinavyokula taka. Umeviua."

"Kliniki walitufundisha vijidudu ni vya kuuawa."

"Vya kliniki, sawa. Hivi vilikuwa wafanyakazi wenzako." Alisema bila kucheka.

"Haviwezi kurudi?"

"Mpaka tulimwage tangi lote, tutie mavi mapya, tusubiri miezi miwili bila kuchinja, maana taka hazitakuwa na pa kwenda."

Maranga, mwenye kichinjio, aliyasikia hayo akiwa amesimama mlangoni. "Miezi miwili watu wale mboga za sukuma wiki tu? Fungeni hilo tangi. Fungueni mtaro wa zamani wa kijitoni. Maji tutachemsha kwa kuni."

Mellen alimfuata hadi kwenye gari. "Mzee, mtoto wangu anakunywa maji ya kijito."

"Si uchemshe."

"Nachemsha damu, mzee?"

Maranga alifunga mlango wa gari.

Siku ya soko iliyofuata, Mellen alimkuta jirani yake Robi kando ya kijito, ndoo tupu mkononi, akitazama povu jekundu.

"Mama Nyamusi, si walisema tangi limemaliza mambo haya? Nani ameliharibu?"

"Sijui," Mellen akasema.

Alisukuma povu kando kwa kiganja, akazamisha ndoo, akasubiri ijae.