Ndoana ya Mama

Juzi niliona dukani fimbo ya kuvulia inayong'aa, nikamkumbuka mama. Alikuwa nesi Ikwiriri, na mshipi wake ulikuwa uzi alioufumua kwenye gunia la mchele, na ndoana ya pini.

Alasiri moja bwawani, matope yakinuka, mbu wakinitafuna, sikutulia hata kidogo. Nikaona ndoana haina chambo. Nikadhani tumekosa uwezo wa kununua chambo, nikaichomekea kwa siri kipande cha kitumbua changu.

Kambare akanasa. Watu wakaja mbio, na bibi mmoja akaanza kumweleza mama habari za mgongo wake.

"Nani kaweka chambo?" mama aliniuliza taratibu.

"Mimi, mama."

Akakunja mshipi. "Haya, twende tukapike."

Leo nina wanangu, ndiyo najua hakwenda pale kutafuta samaki, bali kukaa kidogo bila kuitwa na mtu.