Mshale Unaotazama Injini

Mimi mdomo wangu hauna mlango. Nilikulia Voi kwa baba fundi wa magari, aliyenifundisha kuendesha mapema, na kwetu aliyekosea aliambiwa papo hapo. Nilipoolewa Bura, mama alinionya: baba mkwe hakosolewi, hata akisema mchana ni usiku, wewe itikia tu. Nikaahidi.

Sasa, pikapu ya mzee ikaanza kuzima kwenye mlima. Mara ya mwisho ilimzimikia akiwa na mama mkwe, na yule mama, na moyo wake ule mgonjwa, akapanda kilichobaki kwa miguu, akisimama kila hatua chache. Nilikasirika mpaka nikalia. Kliniki yake ya moyo kule Voi ilikuwa Jumatano, na akiikosa angengoja mwezi mzima. Hatukuwa na mwezi wa kuchezea.

Jumanne mzee akafungua boneti uani, akaniita nimshikie beseni. Alisema filta ya petroli imeziba, na kweli ilikuwa imeziba. Akachomoa waya wa betri, akalegeza klipu za mpira, filta kuukuu ikatoka na uchafu mwekundu kama udongo wa shamba. Mzee wa watu anajua kazi, nikajisemea.

Kisha akashika ile mpya. Filta huwa na mshale mdogo unaoonyesha petroli inakoelekea, na lazima utazame injini. Aliigeuzageuza, akaisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali, akaifunga. Mshale ulikuwa unatazama tangi.

Jamani, nilijiuma ulimi. Nikakohoa. Nikamuuliza kwa hila, eti mshale wa filta huwa ni wa nini. Akanijibu kuwa ni wa kuonyesha njia, akaendelea kukaza klipu. Akarudisha waya wa betri, akawasha, na gari likawaka, maana filta iliyogeuzwa haina shida mpaka ikutane na mlima. Mama mkwe, pale mlangoni, akacheka kwa furaha, akasema basi ngoja atafute leso yake ya kuendea kliniki.

Hapo nikashindwa.

"Baba, nisamehe. Umeifunga kinyume."

Akazima gari. Nikangoja kukaripiwa. Alifuta mikono kwa tambara muda mrefu, hata pale palipokuwa safi.

"Huo mshale siuoni," akasema. "Ni miezi sasa. Nilikuita ili uniambie, na wewe ukanyamaza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi nilidhani ni heshima, kumbe nimemwacha mzee apapase peke yake. Lakini mdomo wangu ni ule ule.

"Na barabara, baba, unaiona?"

Tuligeuza filta pamoja, nikimwelekeza kidole chake penye mshale. Tulipomaliza akachomoa ufunguo, akaniwekea mkononi, akaenda kumwambia mkewe kwamba kesho wao wawili wote ni wagonjwa.